Ahadi ya Meya na Ng'ombe wa Ntare

Siku meya mpya wa Kigali alipozitangaza ahadi zake redioni, duka la maziwa la Twahiru pale senta ya Gahanga lilikuwa halina kiti kitupu. Watu walikuwa wametoka kwenye shughuli zao za asubuhi, wengine wameshika vikombe vya maziwa ya moto, wengine maziwa mgando, na redio ilikuwa juu ya jokofu ikisema peke yake kama mgeni wa heshima. Mzee Bayingana alikuwa ameketi mahali pake pa kawaida, karibu na mlango, kofia yake juu ya goti.

Ahadi ya kwanza ilikuwa taa. Kila njia ya miguu inayopanda mlima kwenda makazi ya watu ingewekewa taa. Wateja walitikisa vichwa kwa kuridhika. Ahadi ya pili ilikuwa viti na mapaa kwenye vituo vyote vya mabasi.

"Hapo amesema," alisema Kankindi, mkuu wa mudugudu wao, yaani mtaa, mama mnene aliyependa kila jambo lifanyike kwa wakati wake. "Mimi magoti yangu yalikuwa yanangoja meya wa namna hii."

Kisha ikaja ahadi ya tatu. Sauti ya meya ilikuwa laini, lakini haikutetemeka. Kabla ya kiangazi kwisha, ng'ombe wote wanaofugwa katikati ya nyumba za watu wangehamishiwa kwenye mabanda ya pamoja, huko chini upande wa kuelekea Bugesera. Samadi isingemwagika tena kwenye mifereji, na maji ya mabondeni yangekuwa safi.

Vichwa viligeuka polepole, kimoja baada ya kingine, vikamwelekea Bayingana.

Walimgeukia kwa sababu wote walimjua kwa kiapo chake. Katika nchi ile, mtu aliyepewa ng'ombe na rafiki huapa kwa jina la rafiki huyo. Akishangaa, akibishana, au akitaka kuaminiwa, husema, "Yampaye inka fulani," yaani, fulani ndiye aliyenipa ng'ombe, na baada ya hapo hakuna anayemdai ushahidi mwingine. Kwa Bayingana fulani huyo alikuwa Ntare. Alikuwa ameapa kwa Ntare kwenye misiba na kwenye harusi, kwenye mizani ya soko na kwenye mabishano ya mpira, kwa muda wa miaka mingi kiasi kwamba watoto wa senta walidhani Ntare ni jina la mtakatifu. Ntare alikuwa amekwisha kufa. Na meya mpya, Winifred, alikuwa binti yake.

"Mzee Bayingana," alisema Twahiru akipangusa meza iliyokuwa tayari safi, "hebu apa leo, tukusikie."

Wateja walicheka, lakini si kwa ubaya. Bayingana alitazama ndani ya kikombe.

"Maziwa yako leo yameungua, Twahiru."

"Yameungua wapi? Ni yale yale ya kila siku."

"Basi ni ulimi wangu."

Alivaa kofia, akawaaga wote kwa mpangilio, akianza na waliomzidi umri, akatoka. Njia nzima hakuapa kwa lolote, hata pale pikipiki ilipomkosakosa karibu na zahanati.

Nyumbani alimkuta mkewe, Mukunde, akikata majani ya matete kwa panga. Bihogo, ng'ombe wao wa rangi ya kahawia iliyokolea, alikuwa amenyoosha shingo juu ya ubao wa banda, akimhimiza kwa macho.

"Umesikia?" aliuliza Mukunde bila kuinua kichwa. Kijana wao Kaze, aliyekuwa akifanya kazi Musanze, alikuwa amekwisha kumpigia simu.

"Nimesikia."

"Winnie wetu."

"Ni meya wa jiji, Mukunde."

"Meya huyo nimemsuka nywele mimi." Alitupa majani horini. "Atamtoa Bihogo. Ng'ombe wa baba yake mwenyewe."

Bayingana alichukua kigoda, akaketi kando ya banda. Alikuwa amefanya kazi ya karani wa forodha mpaka alipostaafu, na alikuwa mtu wa kuheshimu kanuni hata zikimuumiza. Alijua kwamba meya hakukosea. Zamani, walipojenga hapa, Gahanga ilikuwa mashamba ya maharage na mihogo. Sasa nyumba mpya zilikuwa zimewazunguka pande zote, zenye mapaa mekundu na madirisha makubwa. Kila masika shimo lake la samadi lilifurika, na maji meusi yakateremka taratibu hadi kwenye ua wa mume na mke vijana waliohamia hapo chini. Vijana wale hawakuwahi kulalamika. Walimsalimu kila asubuhi, kisha wakafunga madirisha. Adabu yao ilimwaibisha kuliko ambavyo matusi yangemwaibisha.

"Amri ni ya haki," alisema.

"Sijasema si ya haki. Nimesema inaniuma."

Naye pia ilimuuma. Tena ilimuuma mahali ambapo Mukunde hakupagusa. Ng'ombe wa kupewa si ng'ombe wa kununua. Hauzwi, hachinjwi, wala hahamishwi mpaka nyumba ya aliyetoa ipewe habari. Aliyetoa ana hiari ya kusema, "Mrudishe," na akirudi, undugu ule umekwisha, na jina la mtoaji halikai tena mdomoni mwa mpokeaji. Bihogo alikuwa kitukuu wa yule ng'ombe wa kwanza. Mtamba wa kwanza kuzaliwa alikwisha kurudishwa kwa Ntare, kama inavyotakiwa, na kila ndama aliyefuata Ntare alipewa habari zake mpaka alipofariki. Sasa habari ilipaswa kwenda kwa mrithi wa Ntare, na mrithi huyo ndiye aliyekuwa akimfukuza ng'ombe.

"Itabidi niende kwake," alisema Bayingana.

"Ukamwombe?"

"Nikampe habari. Kuomba ni kitu kingine."

Jumamosi ya mwisho ya mwezi walifanya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, kama kawaida, wakazibua mifereji ya barabara ya juu, kisha wakaketi kwenye nyasi kwa mkutano. Kankindi alisimama akazieleza ahadi za meya moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye ng'ombe, mikono iliinuka mingi.

Kijana mmoja wa nyumba mpya alisema kwa upole kwamba watoto wao wanakula wali na inzi. Évode, mfugaji mwenye sauti nzito, alimjibu hapo hapo alipokaa.

"Wewe ulikuja ukawakuta ng'ombe hapa."

"Ni kweli, mzee. Lakini kwani ng'ombe alikuwa na hati ya kiwanja?"

Watu walicheka, hata Évode mwenyewe alikosa namna ya kuzuia tabasamu. Mama mmoja alisema taa zije kwanza, ng'ombe waondoke baadaye. Mwingine alisema kila meya huanza na ahadi tamu na kumalizia na chungu, kama dawa ya watoto. Kankindi aliwakumbusha kwamba meya ametia sahihi imihigo yake, yaani viapo vya kazi, mbele ya watu, na kwamba ahadi ikishatiwa sahihi hairudi nyuma.

"Basi tuma mtu," alisema Évode. "Mzee Bayingana anamjua. Meya alikaa kwake akiwa mdogo. Aende atuombee sisi wote, tuongezewe muda."

Macho yote yakamrudia Bayingana. Alisimama, akashika kofia kwa mikono miwili.

"Nitakwenda kwake, ndiyo. Lakini siendi kuomba. Naenda kumpa habari za ng'ombe aliyetoka kwao. Nikichanganya habari na ombi, nitakuwa nimeziharibu zote mbili."

"Umesikia hiyo?" Évode aliwageukia wenzake. "Ng'ombe wake atabaki, wetu watashuka Bugesera. Mtaona."

"Évode," alisema Twahiru kutoka nyuma, "mimi nimeuza maziwa miaka yote hii. Ninamjua anayechanganya maji. Huyu si mmoja wao."

Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Bayingana alirudi nyumbani akilibeba kama jiwe ndani ya kiatu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Bayingana na Mukunde walipanda basi hadi Kimihurura, mahali meya alipoishi. Eddie, katibu wa meya, alikuwa amewaambia kwenye simu wafike ofisini siku ya kusikiliza wananchi. Bayingana alimweleza, pole pole na kwa ukamilifu, kwamba habari za ng'ombe hupelekwa nyumbani na si ofisini, na Eddie, ambaye bibi yake alikuwa wa Umutara, nchi ya wafugaji, akawapa anwani ya nyumbani.

Mukunde alikuwa amebeba maziwa ya Bihogo katika chombo cha mti chenye mfuniko wa kusukwa. Kabla ya kufika getini, mumewe alimsimamisha kwenye kivuli cha ukuta.

"Kuna jambo moja hatutalisema."

"Najua ni lipi."

"Mtu hamkumbushi mtoto maziwa aliyomnywesha. Ni kama kumpelekea bei."

"Nimesema najua, Muzehe."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mwaka waliporudi nchini kutoka Karagwe, Bayingana na Mukunde walipanga chumba kimoja Kicukiro. Ntare, aliyerudi kutoka Uganda, alikuwa jirani yao. Alikuwa mpima ardhi, na kazi ilimpeleka mikoani. Mkewe alikuwa amelazwa hospitali kwa mimba iliyosumbua. Winifred, binti yao mdogo, aliachwa kwa Mukunde msimu mzima wa mvua. Alikuwa amekonda kama kijiti, kila chakula alikitapika, isipokuwa maziwa. Wao hawakuwa na ng'ombe. Walinunua maziwa kila siku, na ili wayanunue waliacha nyama, wakaacha sukari, na Mukunde akauza vitenge vyake vya harusi bila kumwambia mtu. Ntare aliporudi akamkuta mtoto ana mashavu, aliwauliza majirani mpaka akajua. Baada ya muda mfupi alikuja akiongoza ng'ombe kwa kamba.

Winifred aliwapokea sebuleni akiwa amevaa sketi ya kawaida na kandambili. Alimkumbatia Mukunde kwa muda mrefu kuliko desturi ya wageni, akamwita Mama Kaze kwa Kiswahili kile kile cha Karagwe alichojifunza chumbani mwao. Lakini walipoketi, alikunja mikono mapajani, na Bayingana akaona kwamba aliyekaa mbele yao sasa ni meya.

"Baba Kaze, najua kilichowaleta," alisema. "Tangu nitangaze, simu hazilali. Marafiki, wajomba, watu wa kanisani, kila mmoja ana ng'ombe wake mmoja anayestahili kubaki. Nikimwachia mmoja, nitakuwa sina amri, nitakuwa na upendeleo tu. Ninawapenda sana. Naomba msiniombe."

Mukunde aligeuza uso akatazama pazia. Bayingana alingoja mpaka meya alipomaliza kabisa, kama alivyokuwa akiwangoja wafanyabiashara mpakani.

"Hatukuja kukuomba, mwanangu. Tumekuja kukupa habari."

Akasimama, kwa kuwa habari hiyo hutolewa kwa kusimama. Akamweleza kwamba ng'ombe aliyetoka katika nyumba ya Ntare alizaa vizuri. Kwamba mtamba wa kwanza alirudi kwa mwenyewe. Kwamba mama yake Bihogo alikufa kwa uzee, si kwa njaa wala kwa kisu. Kwamba Bihogo ana afya, na maziwa yake ni haya hapa. Kwamba sasa amri ya jiji inamtoa katika ua aliokuwamo, na ng'ombe huyo hawezi kutoka bila nyumba ya Ntare kujua. "Baba yako hayupo," alimalizia. "Nyumba ya Ntare ni wewe. Useme kama arudishwe kwenu, au aende bandani. Utakalosema ndilo nitakalofanya."

Winifred alikuwa ameukunjua mkono mmoja akauweka kwenye shavu.

"Na nikisema arudi?"

"Atarudi. Nami sitaliapia tena jina la baba yako."

"Na nikisema aende bandani?"

"Basi ni nyumba yenu iliyomtoa kwangu." Aliketi. "Sikulaumu. Nimekuja tu kwa sababu ndiyo njia yake."

Winifred alifungua chombo cha maziwa, akanusa moshi mwembamba wa mti uliotumiwa kukifukizia, akanywa kidogo, akakirudisha mezani kwa uangalifu.

"Baba hakunisimulia mengi," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilijua kuna ng'ombe aliwapa. Sikuwahi kujua kwa nini."

"Kwa urafiki," alisema Bayingana.

Mukunde alikohoa.

"Mama Kaze?"

"Mimi nimeahidi kutosema."

"Umemwahidi nani?"

"Huyu hapa." Alimwonyesha kwa kidevu. "Muulize yeye. Mimi kinywa changu kiko rehani."

Winifred alimgeukia Bayingana. "Baba Kaze, maneno ya baba yangu niliyonayo ni machache sana. Hospitalini mwishoni hakuweza kuzungumza. Kama kuna aliyoyasema siku ile, naomba unipe."

Bayingana alitazama kofia yake. Alikuwa ameapa moyoni asimkumbushe mtoto deni. Lakini hili lililoulizwa sasa lilikuwa lingine. Maneno ya Ntare hayakuwa mali yake ya kuyaficha. Yalikuwa ya binti wa Ntare, naye sasa alikuwa akiyadai.

"Alisimama mlangoni ameshika kamba," alisema pole pole. "Mvua ilikuwa imemlowesha, yeye na ng'ombe. Akasema, 'Aliyemnunulia mtoto wangu maziwa hatanunua maziwa tena maisha yake yote.' Kisha akampa Mukunde kamba, si mimi. Hayo tu."

Winifred hakulia. Alikitazama chombo cha maziwa, akasema, "Na sasa mimi nitawarudisha dukani."

"Meya ndiye anayehamisha ng'ombe," alisema Bayingana, "na meya yuko sawa. Ukija Gahanga utaona maji yanayotoka bandani kwangu yanakokwenda. Mwanangu hajakosea kitu."

"Nipeni muda," alisema. "Jibu nitalileta mwenyewe."

Aliwasindikiza hadi getini, akaendelea kuwasindikiza hadi kituo cha basi, kandambili zake zikipiga lami, mpaka mlinzi akamfuata mbio akiwa na mwavuli ingawa hakukuwa na mvua.

Wiki zilizofuata Bayingana hakuwa na la kusema dukani. Évode alikuwa nalo. Alisema ukimya wa mzee ni ukimya wa aliyeshiba. Twahiru alimtetea mpaka naye akaanza kujiuliza. Vijana wa nyumba za chini walikuja jioni moja na mkungu wa ndizi, wakasema hawakuwa wao waliopeleka malalamiko mjini, na kwamba kama ingewezekana Bihogo abaki peke yake, wangevumilia. Bayingana aliwashukuru, akawaambia hapana. Walipoondoka alikwenda bandani akasimama karibu na Bihogo, mkono juu ya nundu, mpaka Mukunde akamwita ale.

"Hajapiga simu," alisema Mukunde.

"Amesema atalileta."

"Na kama jibu ni kumrudisha?"

Bayingana alimega ndizi, akaiweka sahanini bila kuila. "Nitazoea," alisema. Mukunde alimjua vya kutosha kutoliamini neno hilo, na alimpenda vya kutosha kutolipinga.

Siku ya kuhama ilipotangazwa, mabanda yalikuwa tayari, yenye sakafu ya saruji na maji ya bomba. Wafugaji walikubaliana washuke pamoja asubuhi. Asubuhi ilipofika, Kankindi alisimama njia panda akiwa na filimbi aliyoiazima kwa mwalimu wa michezo. Ng'ombe wa Évode walikuwa mbele, wenyewe wakishangaa barabara. Bayingana alimfunga Bihogo kamba mpya, akaushika mlango wa banda, akashindwa kuufungua. Alikuwa hajapata jibu. Kumtoa bila jibu kulikuwa kosa, na kutomtoa kulikuwa kosa.

"Muzehe, wanakungoja," alisema Mukunde.

"Najua."

Hapo ndipo gari dogo liliposimama barabarani. Eddie alishuka kwanza akiwa ameshika mkoba wa kike kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Nyuma yake akashuka Winifred. Alikuwa amevaa mushanana, vazi la sherehe, kitambaa cha rangi ya maziwa kikiwa kimefungwa begani, na miguuni buti za mpira zilizomfika magotini.

Filimbi ilimdondoka Kankindi. "Nyakubahwa, mheshimiwa, hatukuletewa taarifa."

"Leo sikuja kwa taarifa, mama. Endeleeni."

Aliingia uani, akawasalimu wenyeji wake kwa mikono miwili. Alitazama shimo la samadi na mfereji mweusi unaoshuka kwenye ua wa vijana. Kisha akasimama mbele ya mlango wa banda, akanyoosha mgongo.

"Niliulizwa swali na nyumba ya Bayingana," alisema, na watu walioanza kukusanyika kwenye ukuta wakanyamaza. "Kama ng'ombe wetu arudi au atolewe. Nimewauliza shangazi zangu, wakanicheka, kisha wakanifundisha. Jiji limesema ng'ombe atoke hapa, na atatoka. Lakini nyumba ya Ntare haimtoi, wala haimtaki arudi. Inampa upya. Ua aliokuwa nao umekwisha, kwa hiyo nimekuja kumpeleka mwenyewe kwenye ua mwingine, na nikifika huko nitamkabidhi kwenu, kama baba alivyofanya. Kama mtampokea."

Mukunde ndiye aliyejibu, kwa kuwa siku ile ya zamani pia kamba ilipewa yeye.

"Tutampokea," alisema. "Lakini vua hiyo nguo, mwanangu, atakuchafua."

"Achafue."

Bayingana alifungua mlango. Winifred aliishika kamba, na Bihogo, ambaye hakuwa na habari ya yote hayo, alitoka akanusa buti za meya kwa makini kabla ya kukubali kwenda.

Barabarani watu walijipanga. Baadhi walisema huu ni mchezo wa siasa, kamera ziko wapi? Mwingine akasema si wao waliomchagua, ni baraza la jiji, sasa anamchezea nani? Twahiru alisimama mbele ya duka lake akiwa ameshika kikombe kitupu, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba angalau sasa ana hakika bomba la huko chini halitakauka. Évode alisikia, akageuka, akamwona Bihogo akija nyuma ya ng'ombe wake sawa na wote. Aliwasogeza wake pembeni ili Bihogo apite, na Bayingana alipofika sambamba naye, alimgusa kiwiko tu.

"Shangazi walisema anayempeleka ng'ombe humsifia njiani," alisema Winifred walipopita nyumba za mwisho na njia ikaanza kuteremka kati ya mashamba. "Baba alimsifia?"

"Njia nzima. Kwa Kinyarwanda cha zamani. Majirani walidhani amelewa."

"Mimi sijui hata mstari mmoja."

Mukunde, aliyekuwa nyuma pamoja na Eddie na mkoba wake, aliona mabega ya mumewe yakiinuka kidogo, kama ya mwalimu anayeingia darasani.

"Rudia baada yangu," alisema. "Bihogo, mwenye pembe za mwezi mchanga."

"Bihogo, mwenye pembe za mwezi mchanga."

"Asiyeikimbia mvua wala ngoma."

"Asiyeikimbia mvua wala ngoma."

"Binti wa waliovuka mto bila kulowa pembe."

"Binti wa waliovuka mto bila kulowa miguu."

"Pembe," alisema Bayingana. "Miguu ililowa. Ng'ombe si malaika."

Winifred alicheka, akajikwaa kwenye buti zake, akashikilia kamba ili asianguke, na Bihogo akasimama kumngoja. Chini, mapaa mapya ya mabanda yalikuwa yakianza kuonekana kati ya migomba.

"Ngoja," alisema meya. "Nimepotea. Nianze tena kutoka mwanzo?"

"Anza. Hakuna anayetukimbiza."

Akaanza tena kutoka mwanzo, na mzee akapunguza mwendo, ili wasifike bandani kabla hajaupata ubeti mzima.